Nani Alichimba Mfereji

Jumapili jioni

Bado naona aibu. Bwana DC aliniagiza niandike historia fupi ya kijiji chetu huku Meru, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu, na leo baada ya ibada nilimsomea bibi. Nilipofika mahali nilipoandika kwamba mfereji ulichimbwa na Mzungu mwenye shamba la kahawa, akanikatiza.

"Nani kakwambia?"

"Karani wa boma, bibi."

"Siku maji yalipofika hapa nilikuwa na baba yako tumboni, na jembe mkononi. Huyo Mzungu alikuwa hajaja."

Naogopa Bwana DC hatapenda, nami nitafukuzwa kazi, sijidanganyi. Lakini ukurasa ule nimeuchana, na mpya nimeuanza kwa jina la bibi.