Shubiri ya Mama

4 Juni

Mama yangu mpenzi,

Sasa hivi, kabla sijaandika hata shikamoo, mjukuu wako amekaa juu ya karatasi yangu ya kukatia gauni na kuchana bega lake la kushoto. Amelitia mdomoni, anatafuna, ananitazama kama vile mkosaji ni mimi. Nimemtoa kipande kwa kidole. Haya, shikamoo mama. Magoti yanasemaje? Sisi ni wazima, hatujambo. Kifungo ana jino jipya, na jina la utani bado linamfaa: akiona kifungo, hata cha shati la mtu asiyemjua, atakivamia.

Sipigi simu kwa sababu ukiongea na simu mtaa mzima unajua habari zetu. Barua utaiweka chini ya mto. Baba Kifungo atapita kwenu na lori, atakuletea, na atasubiri majibu ilimradi umpe chakula.

Mama, nina jambo. Unajua hapa kwa Bi Mkasi tangu nianze ninashona vifungo, ninapiga pasi na kufagia nyuzi. Cherehani ya pili imefunikwa kitambaa kama mgonjwa tangu fundi wake alipohama. Juzi akaja mwalimu wa chekechea na gauni lake la dukani. Analipenda mpaka limechakaa viwiko, na dukani hayapo tena. Anataka jingine kama hilohilo, la buluu, na hili la zamani lisifumuliwe hata uzi mmoja.

Bi Mkasi akanitazama juu ya miwani. "Mama Kifungo, kila siku unaikodolea macho ile cherehani kama mchumba. Haya. Litoe gauni hili kwenye karatasi, ushone jingine. Likimkaa mwalimu, kiti ni chako. Lisipomkaa, ufagio unajua ulipo."

Nimeanza. Nimetandika karatasi za mifuko ya saruji, nikalaza gauni juu yake, nikalibana, kisha nikafuata kila mshono kwa kuchoma pini mpaka karatasi ikabaki na vitundu. Vitundu naviunga kwa penseli. Mgongo umetoka. Kola imetoka. Sketi imetoka na marinda yake, na mifuko iliyojificha ubavuni nimeiona pia. Lakini kifua, mama! Kuna ule mkunjo unaoshonwa kutoka ubavuni kwenda kifuani ili nguo imkumbatie mtu. Hapo gauni halikubali kulala. Nikibana huku linainuka kule, kama mtoto anayekataa usingizi. Na kwapa ni hivyohivyo. Wewe ulipokuwa ukishona, ulifanyaje?

Nakitaka kile kiti mama. Sijawahi kutaka kitu hivi tangu nilipomtaka huyu anayetafuna mabega ya watu.

Mwanao,
Mama Kifungo


9 Juni

Mwanangu,

Marahaba, marahaba na tena marahaba. Magoti yananung'unika lakini yanabeba. Ukiona mistari yangu inapanda mlima usishangae, macho ndiyo yaliyozeeka, akili bado ina makali. Mume wako amekula sahani mbili na anaangalia sufuria, kwa hiyo nitaandika haraka.

Umefanya vizuri kutofumua. Kwenye kifua usihangaike na pini. Nguo ya dukani imekatiwa mwanamke wa wastani, na mwalimu wako kama gauni lake limemkaa basi ndiye huyo wa wastani. Tumia shubiri. Toka begani mpaka ncha ya mkunjo, shubiri moja na vidole viwili. Kina cha kwapa, toka begani kushuka, shubiri moja kamili. Mimi nimeshona hivyo miaka yote na hakuna aliyerudi kulalamika, isipokuwa mke wa mchinjaji, na yule alikuwa amenenepa kati ya kupima na kuvaa.

Achana na futi ya hapo kazini. Futi ikizeeka inavutika na kusema uongo. Mkono hausemi uongo.

Halafu usiguse kitambaa cha buluu kabla hujaua shuka kuukuu kwa majaribio. Mkasi hauna majuto, majuto ni ya mwenye mkasi.

Mbusu mjukuu wangu. Nilimwacha hawezi hata kukaa, leo ananilia mabega!

Mama yako


15 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na magoti yamepunguza maneno. Sisi hatujambo miilini, ila moyo wangu umekunjamana kama nguo iliyolala kwenye ndoo.

Nilifanya yote uliyoniambia. Nilichukua lile shuka la maua, nikakata, nikashona kwa mkono jioni mbili. Jana mwalimu akaja kujaribu. Akaingia nyuma ya pazia. Kisha tukasikia, "Jamani, nisaidieni."

Alitoka mikono imeinuka hewani kama askari anayesimamisha magari. Kwapa lilimkaba hata hakuweza kuishusha. Na ule mkunjo mama, ulikuwa juu kabisa, umechongoka karibu na mfupa wa shingo! Mwalimu ni mtu mwema, akasema, "Labda mimi ndiye niliyekaa vibaya." Bi Mkasi akajificha nyuma ya kikombe chake cha chai lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Nikacheka na mimi, maana ningefanya nini? Kisha nikaenda kupiga pasi nguo ambayo ilishapigwa pasi.

Barua yako nimeisoma mpaka imelainika. Shubiri moja na vidole viwili, gumba mpaka kidole cha mwisho. Ndivyo nilivyopima, sikuiba hata ukucha. Nimekosea wapi?

Bi Mkasi amesema, "Shuka limeshasema. Mwalimu anarudi tarehe ishirini na saba. Kitambaa cha buluu kitakatwa tu, kwa karatasi yako au kwa yangu." Anaweza kulitoa yeye mwenyewe, mama, macho amefumba. Basi nitashona vifungo vyake tu.

Usihuzunike. Lile shuka nimelipunguza nikamshonea Kifungo. Limemkaa! Anatambaa nalo dukani kama malkia wa maua.

Mwanao,
Mama Kifungo


20 Juni

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Nimecheka mpaka kuku wa jirani wamekimbia. Nisamehe, nilimwona huyo mwalimu mikono juu.

Nikamuuliza mume wako, "Hebu niambie, mkono wa mke wako ukoje?" Akanionyesha kidole chake cha mwisho. "Mdogo mama. Pete yake haivuki hata fundo hili hapa." Nikajipiga paji la uso. Wewe mikono ulichukua kwa mama mzaa baba yako, aliyekuwa akiingiza mkono ndani ya mtungi wenye shingo nyembamba na kutoa kilichoangukia chini. Mimi nina mikono kama makasia. Nilikwambia mkono hausemi uongo, sikukwambia mkono wa nani!

Basi nakutumia wa kwangu. Ndani ya bahasha kuna karatasi ngumu. Nimelaza mkono wa kushoto, nimeutanua, nimeuzungushia kalamu mwenyewe kwa wa kulia. Kidole cha mwisho kimepinda kwa kubana vitambaa miaka mingi. Usinionee huruma ukakinyoosha, utaharibu kipimo. Ukate kwa kufuata mstari, kisha ulaze mkono wangu begani mwa karatasi yako, ushuke nao.

Na uache nafasi ya mshono pande zote. Najua ulisahau. Wote husahau mara ya kwanza, nami nilishona sketi ambayo hata paka asingeingia.

Nichoree na mkono wa mjukuu wangu unirudishie.

Mama yako


27 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. U hali gani? Ninaandika kwenye kona ya meza ya kukatia. Mwalimu yuko nyuma ya pazia, amevaa la buluu au bado analivaa, sijui, na mimi nisipoandika nitaanza kufagia.

Nafasi ya mshono nilikuwa nimesahau. Ulijuaje?

Nilipofungua bahasha, Kifungo akafika kwanza. Akauweka mkono wake katikati ya mkono wako, akaupiga kofi, akacheka. Hakuutafuna. Vifungo na mabega ya watu anatafuna, mkono wako ameuacha. Nimelia kidogo, usimwambie mtu. Kisha nikaulaza begani, nikashuka nao. Mama, zile shubiri zako zilishuka, zikashuka, mpaka nikaona aibu kwa lile shuka. Bi Mkasi akauliza, "Hicho nini?" Nikamwambia, "Mama yangu amekuja kunisaidia." Akautazama mkono wa karatasi, akaweka wake juu yake. Ulilingana. Akanipa mkasi wake mkubwa, ule ambao hamwazimi mtu.

Mkono wa Kifungo umo humu ndani. Mistari imekwenda ovyo kwa sababu hakutulia, usiupimie nguo.

Pazia limefunguka.

Mama! Limeshuka vizuri, kiunoni limetulia, mkunjo uko mahali pake. Mwalimu ameingiza mikono mifukoni bila kuitafuta, kana kwamba ameizoea. Ameinua mkono wa kulia anaandika hewani kama ubaoni. Amemnyakua Kifungo sakafuni na kumrusha juu kabisa, na kwapa halikulalamika! Kifungo ameshika kifungo cha kola, ndiyo, anakivuta, kimeshika, nilikirudia uzi. Mwalimu anasema, "Lile la dukani sasa nitalivaa kulalia."

Bi Mkasi amekwenda kwenye cherehani ya pili. Amevuta kile kitambaa, amekikung'uta mlangoni, vumbi tupu. Anaita, "Fundi!" Nimegeuka nione ni fundi gani aliyekuja. Mlangoni hakuna mtu. Anaita tena, anasema fundi wa hii cherehani aache barua aje aitie mafuta yeye mwenyewe. Mama, kumbe anayeitwa ni