Jiwe la Mlangoni Mwetu

Jumatatu, 7 Agosti 1995. Rodi Kopany.

Uji. Kufagia. Sukumawiki nimeimwagilia kabla jua halijawa kali. Shule zimefungwa na bado naamka saa kumi na moja alfajiri, mjinga mimi. Nimeisugua ngazi ya mlango kwa brashi, maana kuku wa jirani wameifanya choo. Ni jiwe moja refu, bapa, la kijivu, karibu hatua mbili. Hakuna mwalimu mwingine hapa Rodi mwenye ngazi ya jiwe zima. Wenzangu wamemwaga simiti, na simiti zao zimepasuka. Naringa, najua.

Sachiko amekuja saa tatu na pikipiki yake. Ameiruka ngazi tena. Miaka miwili tumefundisha shule moja, yeye hesabu, mimi historia na Kiswahili, na hajaikanyaga hata mara moja. Anainua mguu juu kabisa kama anavuka mtaro. Kwao Japani, anasema, kukanyaga kizingiti cha mtu ni kumkanyaga mwenye nyumba. Mke wangu Awino hucheka. Mimi pia.

Mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi. Ana ombi. Mji wao si mkubwa, lakini umezungukwa na mahali pa kale pa ibada, dini yao ya Shinto. Kila mwaka babu yake alimzungusha mahali saba kwa siku moja, kwa miguu. Babu alikuwa na daftari, na kila walipofika mtunzaji wa mahali aliandika jina kwa brashi, akagonga muhuri mwekundu. Babu amekufa. Sachiko amenunua daftari jipya. Anataka kuona walikosali wazee wa huku, na mimi niandike majina. Nimekubali haraka mno. Napenda kuulizwa mambo.

Alhamisi, 10 Agosti. 

Nimebebwa na mwanamke kwenye pikipiki kutoka Rodi hadi Homa Bay. Akina mama wa soko wameniona wote. Nitasikia habari hii mpaka Krismasi.

Tumepanda mlima Asego. Juu kulikuwa na waumini wenye kanzu nyeupe wakiomba kwa sauti, ziwa lote chini yao. Sachiko alinawa mikono kwa maji ya chupa, akasukutua, akainama mara mbili, akapiga makofi mawili, akainama tena. Waumini hawakushtuka. Nilimweleza kwamba wazee wa Kijaluo hulitemea jua mate asubuhi, kuliomba siku njema. Akauliza kama mimi hufanya hivyo. Nikamwambia mimi ni Mkuria. Ila mila za Wajaluo nazijua kuwapita wenyewe.

Nimeandika: Asego. Akauliza mtunzaji yuko wapi, wa kugonga muhuri. Hakuna mtunzaji, nikasema. Akaangalia huku na huku, kana kwamba mtu angetokea.

Jumamosi, 12 Agosti.

Awino ametoka kwa mama yake, upande wa Rangwe. Amelia akikata vitunguu na si vitunguu. Macho ya mama yanafunga. Jicho la kushoto ni moshi mtupu, la kulia linafuata. Awino amemwomba aje hapa japo mchana mmoja, aione nyumba kabla giza halijamfika, amwone Anyango, kitinda mimba wetu, ambaye amepewa jina lake. Amekataa. Hakutoa sababu. Miaka kumi na moja tuko katika nyumba hii na mama mkwe hajafika hata getini.

Nikasema ni mila. Mama mkwe wa Kijaluo hazoei kwenda kwa mkwewe, kila mtu anajua. Awino akanigeukia na kisu mkononi. Akasema mama za wenzake huja mchana, wanakula, wanaondoka. Akasema nisimfundishe Ujaluo.

Nimekasirika. Nimekwenda kukaa sokoni bila sababu.

Jumatatu, 14 Agosti.

Simbi, upande wa Kendu Bay. Ziwa dogo, kijani, lina harufu. Heroe wengi. Nimemsimulia Sachiko vizuri sana: kijiji kilichokuwa kwenye sherehe, bibi kizee aliyeomba pa kujisitiri, wakamfukuza, maji yakapanda yakawameza wote isipokuwa mwanamke aliyempokea. Nilifurahia kusimulia. Mikono yote miwili ilikuwa hewani.

Sachiko akauliza, polepole, kama mama wa Awino huja kwetu. Nikamwambia ni mila. Akaandika kitu pembeni ya ukurasa kwa Kijapani. Sijui aliandika nini na sikupenda.

Jumatano, 16 Agosti.

Thimlich Ohinga. Njia mbaya, vumbi mpaka kwenye meno. Siku mbaya pia, lakini si kwa sababu ya vumbi.

Kuta ni ndefu kumpita mtu. Mawe matupu, hakuna simiti wala udongo, jiwe limekaa juu ya jiwe kwa mamia ya miaka. Nimefundisha habari zake darasani miaka kumi na miwili na sikuwahi kufika. Aibu hiyo nimeimeza kimya. Nilimwambia Sachiko hili si hekalu, ni boma la watu wa zamani, ila wazee huja kuomba. Akasema baadhi ya mahali patakatifu kwao ni mwamba tu uliofungwa kamba. Alifanya makofi yake. Mlinzi wa mahali akapiga pia, akidhani anashukuriwa.

Malango ni mafupi. Mlinzi alieleza kwamba adui alilazimika kuingia kichwa kwanza. Nikainama, nikaingia, nikasimama mapema, nikajigonga. Nikainua macho nione nimegonga nini. Jiwe refu, bapa, la kijivu, karibu hatua mbili, limelala juu ya lango.

Nikalijua. Nilimsugua ndugu yake Jumatatu ya wiki iliyopita.

Mlinzi anasema maboma madogo ya aina hii yalikuwa mengi, mpaka kule Rangwe. Watu wameyabomoa wakajengea. Alisema bila hasira. Sikuandika jina kwenye daftari. Nilimwambia Sachiko mkono unauma.

Alhamisi, 17 Agosti.

Nimekaa nikiitazama ngazi. Watoto wanaikanyaga wakiingia, wanaikanyaga wakitoka.

Niandike yote hapa, maana sijamwambia mtu. Mwaka wa 1984. Awino alikuwa Kehancha kwa mama yangu na mimba ya kwanza. Mimi nilibaki kujenga. Fundi akaniambia kuna mawe ya bure kilimani, yamekaa tu, hayana mwenyewe. Nilijua kilima ni cha upande wa ukweni. Nilijua yalikuwa mviringo, yamepangwa. Nikasema ni zizi la zamani. Trekta ikaenda mara tatu. Msingi wote. Ukuta wa veranda. Na lile refu, fundi akasema hili liwe ngazi, Mwalimu, watu wakuheshimu.

Ili aingie kwangu, mama mkwe angelikanyaga.

Ijumaa, 18 Agosti.

Nimepanda kile kilima peke yangu. Pamebaki duara la mawe madogo na nyasi. Palipokuwa lango pana mashimo mawili. Kwenye jiwe moja bapa kuna mtama. Wa msimu huu. Ni mama mkwe tu wa kuuleta; bado anakwea huku na macho yale.

Nimemwambia Awino. Hakupiga kelele. Aliuliza kama mama anajua, nikasema sijui. Akaenda kukaa na watoto, akafunga mlango. Heri angepiga kelele.

Jumamosi, 19 Agosti.

Nimekwenda ukweni na Awino. Nimekaa nje ya mlango, mama mkwe ndani, kila mmoja ametazama upande wake kama inavyotakiwa. Nimeshukuru desturi hiyo. Sikuwa na uso wa kumwonyesha.

Nilisema yote. Trekta, fundi, ngazi. Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, ili nisikie mwenyewe bila Awino kutafsiri:

"Ora, mimi nilijua siku hiyo hiyo. Dereva ya trekta alisimama hapa, akaniuliza njia."

Ora ni mkwe. Sikumbuki mara ya mwisho aliponiita hivyo.

Alieleza, na mengine Awino alinipa baadaye. Alipoolewa, mama mkwe wake ndiye aliyempeleka kilimani, akamwonyesha pa kuweka mavuno ya kwanza na pa kulitemea jua. Bibi harusi haruhusiwi kulia mbele ya watu wa boma. Alizika watoto wawili kabla ya Awino. Alikuwa akiinama chini ya lile jiwe, anaingia, analia, anatoka, anaenda kupika. Wazee walipouliza mawe yako wapi, aliwaambia yamechukuliwa na watu wa barabara.

Nikauliza kwa nini alinificha. Swali la kijinga. Alijibu polepole.

"Wewe ni mtu wa nje. Wangekufukuza, na msichana yangu ana tumbo. Nikanyamaza. Lakini kuja kwako na kukanyaga hiyo kitu, hapana. Mguu ilikataa."

Miaka kumi na moja nimewasimulia watu kuhusu mila. Kumbe mama huyu alikuwa akinibeba mgongoni, na mimi nasugua ngazi. Nimelia njiani. Awino alinishika mkono. Ni mara ya kwanza kunigusa tangu jana.

Jumatatu, 21 Agosti.

Mtaimbo, jasho, matusi. Ngazi imetoka saa tano. Chini yake siafu na kijiko kilichopotea zamani. Ukuta wa veranda umeshuka kufikia saa tisa. Majirani wamesimama kwenye ua wakiuliza kama nimerukwa na akili. Nimewaambia ukweli. Mmoja amerudi kwake bila kuaga, na nakumbuka jiko lake ni la mawe ya aina ile ile.

Msingi siwezi kuutoa. Nyumba itaanguka. Hilo linanisumbua.

Jumanne, 22 Agosti.

Pikapu ya jirani mpaka chini ya kilima, kisha mabega. Lile refu tulilibeba watu sita kwa magogo. Sachiko alikuja kusaidia. Kabla ya kugusa kitu alinawa, akatumiminia na sisi wote. Hakuna aliyemcheka leo, hata mimi.

Mama mkwe aliletwa na Awino. Haoni jiwe lipi ni lipi, lakini alipapasa moja baada ya jingine, akasema hili kushoto, hili chini, hili si la hapa. Tuliondoa lile ambalo si la hapa. Jiwe refu likapanda juu ya lango likiwa limepinda kidogo. Hatuna ufundi wa wale watu. Akapitisha vidole chini yake, mwisho hadi mwisho. Palipochakaa kwa viatu vyetu alisimamisha mkono. Akainama, akaingia, nasi tukashuka kumpisha.

Alipotoka nilimwambia habari ya msingi.

"Hizo za chini wacha," akasema. "Zishike watoto."

Sachiko akatoa daftari. Nikaandika tarehe, nikauliza jina la mahali. Halina jina, akasema mama mkwe, ni kilimani tu. Nikaandika: Kilimani. Awino akamweleza mambo ya muhuri. Mama akalowesha kidole gumba kwa mate, akakibonyeza kwenye udongo mwekundu, kisha kwenye karatasi. Sachiko alilitazama lile doa muda mrefu, akainama mpaka nywele zikafika magotini.

Ijumaa, 25 Agosti.

Sachiko ameondoka. Nimemwandikia na Thimlich, kwenye ukurasa niliouacha wazi. Alinionyesha alichoandika siku ile ya Simbi na kunitafsiria: muulize mama mwenyewe. Basi. Alipokuwa akitoka aliinua mguu mlangoni kwa mazoea, na hapakuwa na ngazi. Tulicheka. Nimehuzunika kuliko nilivyotarajia.

Jumapili, 27 Agosti.

Amekuja. Saa tano, baada ya kanisa, ameshikwa mkono na Awino. Sikuwa nimemwomba.

Mlangoni alisimama. Alitafuta ngazi kwa mguu, akakuta udongo, akapapasa tena kuhakikisha. Akaingia.

Alipita kila chumba na kiganja ukutani. Alimpakata Anyango, akamsogeza karibu na jicho la kulia, akamtazama mpaka mtoto akachoka na kuteleza chini. Alikula samaki na ugali. Mimi nimekula nje, kama inavyotakiwa. Kupitia dirishani nilimsikia Awino akicheka jikoni na nilikuwa nimesahau kicheko hicho.

Saa kumi aliitisha fimbo yake. Awino akamsihi alale japo leo.

"Kulala kwa ora ni mwiko," akasema. "Hiyo sasa ndiyo mila."

Akacheka yeye kwanza. Alijua niko dirishani.

Wamekwenda. Nimechukua ufagio. Mlangoni ni udongo mtupu, mvua zikija tutahitaji ubao. Alama ya mguu wake nimefagia kuizunguka.