Kwa Baba Ciriaco, na kwa Waliobeba Damu Yake

Mwaka umetimia, Baba Ciriaco Orellana, tangu asubuhi ile ulipoketi kizingitini kuvaa kiatu cha pili na moyo wako ukakataa kuendelea. Jana tulikusomea misa hapa Molle Mayu, kisha tukavua nguo nyeusi kama ilivyo desturi. Mama hakuvua. Anasema kwake msiba bado haujaisha.

Ulikuwa fundi wa nyumba za udongo, na nusu ya bonde hili inalala ndani ya kuta zako. Supu ya karanga bila pilipili uliita maji ya kunawia. Vinchuca, wale wadudu wa kwenye nyufa, walipokuuma ulicheka tu: "Mdudu na daktari wote wanaijua damu tamu." Maana hospitali ilipokosa damu uliitwa wewe, nawe ulikwenda hata kama udongo haujakauka mikononi.

Tena hukutaka kumjua uliyempa. Huku kwetu ukinilimia leo, kesho nami nakulimia. Ndiyo ayni yetu. Wewe ulisema damu haimo humo. "Nikimjua jina, atakuja kunichimbia viazi na kidonda chake hakijapona. Mimi nisijue, naye asijue, basi." Tulikusifu sana kwa hilo. Sasa ndilo linalotunyima usingizi.

Baada ya mazishi daktari alituita. Alisema moyo wako ulikuwa umevimba, na kisa ni vijidudu vya vinchuca, labda ulikuwa navyo tangu utoto. Hukaa kimya miaka na miaka, na hupita kwenye damu.

Zenobia, bintiyo mkubwa, akauliza, "Hata ile aliyokuwa anawapa wagonjwa?"

"Hata ile, dada. Miaka hiyo hapa hatukuwa tunapima."

Mama akaketi sakafuni.

Kabatini tulikuta kadi zako za kutoa damu, tisa. Tarehe na sababu zimo, majina ya waliopewa hayamo. Tulimjua mmoja tu, Nieves, kwa sababu yeye aliulizia jina lako mpaka akalipata, akakufanya baba wa ubatizo wa Rufina, mtoto aliyekuwa akimzaa siku ile alipotokwa na damu nyingi. Mama alikwenda kwake mara tatu akarudi hajasema neno. Mara ya nne akasema. Nieves akapimwa, akakutwa navyo. Na baada ya kupewa damu yako alishamzaa Abel, na vijidudu hivi humfikia mtoto tumboni.

"Mama Eduviges, usinililie, sijafa," Nieves akamwambia. "Nipokee huyu mtoto nijifunge shali, twende kliniki. Kulia tutalia tukirudi."

Abel ana miezi saba. Naye anavyo. Daktari anasema watoto wachanga wakiwahi dawa wengi hupona. Akitapika, tunarudi kuuliza tumpe tena au tusimpe. Akilala sana tunamshika kifua. Tunaogopa, Baba, hatukufichi.

Ndiyo maana tumeyaleta haya gazetini, wasome na wengine. Wewe mama wa ajali ya lori, mkesha wa Watakatifu Wote. Wewe kijana uliyeangukiwa na ukuta. Wewe uliyepasuliwa tumbo wiki ya Karnivali. Na nyote mlioongezewa damu Molle Mayu miaka ile, hata kama hamuumwi popote: nendeni mkapimwe, na watoto wenu. Mkitaka kutuchukia mtuchukie, ila nendeni kwanza.

Baba alitoa kwa moyo mweupe. Hakujua.

Wanaokukumbuka ni mkeo Eduviges; wanao Zenobia na Primitivo; Nieves, aliyesema tukimwacha nje ya orodha hii hatatusamehe; Rufina, mwanao wa ubatizo; na Abel, ambaye hukuwahi kumpakata.

Hatutakusahau, Baba, maisha yetu yote. Kati ya tisa, tumempata mmoja.