Baba Neema, Hukuweka Sumu

Baba Neema, mume wangu,

Neema ameota meno mawili, na sasa hivi ananing'ata nikikuandikia. Nimechoka. Tangu walipokuleta kwenye mkokoteni, nikautambua mwili wako kwa umbo la sikio tu, sijapata usingizi wa kueleweka.

Walikupiga kwa fimbo za kuchungia, pale gulioni Tindiga, mzee Masunga na wanawe. "Muuza dawa katuulia mabeberu!" Polisi walipokuja, eti hakuna aliyeona.

Tangu bwana mifugo wa serikali alipopunguzwa kazini, daktari ulikuwa wewe, na kipimo chako kizibo cha soda. Kila mbuzi kizibo kimoja cha dawa ya minyoo. Nilikuambia, "Wale wa Masunga ni chotara, si kama wa kwetu." Ukanicheka: "Mama Neema, mbuzi ni mbuzi. Au niwaulize kabila?" Nami nikacheka. Mungu atusamehe.

Juzi amekufa beberu wa mwisho wa Masunga. Mdogo wako Kefa akachukua panga, akaapa kummaliza Masunga na boma lake. Nikamwambia, kwanza tuone. Nikamwita yule bwana mifugo aliyepunguzwa, akampasua beberu mbele ya Masunga. Tukachinja na jike wa kienyeji aliyenyweshwa kizibo kile kile. Figo za jike safi kabisa. Za beberu zimevimba, nyeusi, moja ikampasukia mkononi.

"Dawa ni ile ile," akasema. "Ila figo ya dume yaweza kuigeuza ikawa sumu, ya jike isiigeuze. Na mbegu nayo ina lake. Chuoni tuliona kwa panya: madume wa ukoo huu wanakufa, wa ukoo ule wanapona."

Masunga akakaa chini, pale pale kwenye damu. "Mama, tumemuua bure."

Kefa akainua panga. Nikasimama katikati, mtoto mgongoni. "Shemeji, anza na sisi. Kaka yako aliua mbuzi kwa kutojua. Hawa wameua mtu kwa kutojua. Wewe unajua, utasema nini?" Akalia kama ng'ombe. Panga nimelitumbukiza chooni.

Usidhani nimesamehe. Kesho nakwenda polisi Kilosa, nitataja kila mkono ulioshika fimbo. Nitasema hukuweka sumu. Nitasema pia kizibo kilikuwa kosa lako, maana wewe huwezi tena kulisema; nisipolisema mimi, nani alibebe?

Lala, mpenzi wangu. Nakuahidi, hakuna damu nyingine itakayomwagwa kwa jina lako.

Mama Neema