Mnyamwezi na Mzigo wa Pumzi

Mtani wangu Mzaramo,

Hujambo huko? Usinijibu, nisije nikakimbia. Mimi nimepona. Ile nafasi uliyonishikia pembeni yako, mpe mwingine.

Tangu tukuzike, nilikuwa napanda basi kwenda Malton kubeba makasha ya uwanja wa ndege, narudi St. James Town, na hakuna wa kunikejeli: "Kutoka Tabora mpaka Toronto, Mnyamwezi bado mpagazi tu!" Siku mbili niliona raha. Ya tatu nikalia kwenye lifti, mzee mzima.

Halafu nimonia ikaniangusha. Hospitali wakanitia mpira wa hewa kooni, mashine ikawa inanipumulia. Wiki mbili! Nilipopata nafuu wakajaribu kuniachisha mashine, nikashindwa. Daktari, binti wa rika la mjukuu wangu, akasema huenda msuli wa kupumulia, ule wa chini ya mbavu, umelegea kwa kukaa bure. Ukigoma, basi mimi na mashine mpaka nikufuate.

Akaleta ultrasaundi. Ndiyo, ile ya wajawazito! Akanipaka uji wa baridi ubavuni, akachungulia kiooni. Msuli ulitikisika kidogo tu, kivivu, kama wewe asubuhi ya Jumatatu.

Mkeo, Bi Mwajuma, alikuwa kitini pale. Akatazama kioo, akaniinamia: "Mtumwa wangu, hiyo mimba ya nani? Na Mnyamwezi gani wewe, unashindwa kubeba hata pumzi yako?"

Mtani, nilicheka. Na mpira kooni! Mashine ikapiga kelele, nesi akaja mbio kumtoa mkeo nje. Daktari akamzuia, kidole kiooni: msuli umejikunja, umenenepa, umeshuka hasa. Akamwambia mkeo, "Chochote ulichomwambia, mwambie tena."

Hakubembelezwa. Alianzia kwa babu yangu.

Ikawa kila asubuhi binti na kioo chake, mkeo na matusi yake, na mashine inapunguzwa. Siku ya tano mpira ukatoka. Neno langu la kwanza, kwa sauti ya chura, lilikuwa tusi kwa ukoo wenu wote. Mkeo akalia, kisha akapiga vigelegele, wodi nzima ikageuka.

Haya, lala, mtani. Theluji ikiyeyuka nitakipanda kile kilima cha makaburini bila kupumzika, nisimame juu ya kichwa chako, nikutukane kwa pumzi zangu mwenyewe.

Bwana wako siku zote,
Mnyamwezi