Cheni Mpya, Sproketi za Zamani

Jumatano, jioni

Elfu arobaini na tano! Seti nzima, cheni na sproketi zote mbili, yale magurudumu ya meno yanayovuta cheni. Na cheni yenyewe nilifungiwa mwezi uliopita tu.

Asubuhi nilimbeba mama mjamzito anayewahi kliniki Itumba. Katikati ya mlima cheni ikachomoka, pikipiki ikaanza kurudi nyuma. Nilikanyaga breki hadi ikasimama. Mama akashuka, akaendelea kupanda kwa miguu, mkono kiunoni.

Nikaisukuma pikipiki hadi kwa fundi Osia, nikamfokea mbele ya bodaboda wenzangu kwamba alinifungia cheni feki. Alifungua sproketi ya nyuma, akaniwekea mkononi. Meno yote yamechongoka kama ya msumeno.

"Nilikwambia tubadilishe vyote, kaka. Hizi zinakula cheni mpya. Ukasema bado zinadunda."

Nilisema, ni kweli. Nilijiona mjanja.

Hela nitatafuta. Osia nitamwomba radhi mbele ya walewale, ingawa nikiwaza tu naona aibu.

Lakini yule mama sijui kama alifika. Pale mlimani alinilipa nauli kamili, na mimi nikapokea.