Tepu Nyeusi Juu ya Taa

Same,
Jumapili mchana.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimekuachia na baridi ya Ugweno imepungua, na baba anaendelea vizuri na mguu wake. Mimi ni mzima wa mwili. Naandika badala ya kupiga kwa sababu simu ya nyumbani mnaiweka spika, na hili siwezi kulisema huku baba na majirani wanasikiliza. Lisome peke yako kwanza.

Kwa mjomba hawanibagui. Nakula wanachokula, nalala chumba kimoja na mabinti zake. Joto la Same bado sijalizoea, na Chasu, lugha ya huku wanayosema wateja wa anti, nakielewa nusu, hivyo pale gengeni kwake natabasamu tu. Kila Jumanne na Ijumaa napanda mlimani Mbaga na gari ya abiria ya mjomba kumchukulia anti tangawizi na kabichi. Dereva alikuwa kaka Elisante, yule aliyenipokea stendi siku nilipofika akanibebea begi.

Sasa Mama, kwenye ile gari kuna taa. Gari yenyewe haina mshale wa kuonyesha joto la injini, ina taa moja ndogo yenye picha ya kipimajoto. Injini ikiwa ya baridi taa inawaka bluu, ikishapata moto inazima. Ikichemka inawaka nyekundu. Lakini kuna fundi aliitoa themostati, kile kidude kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate moto. Huku mafundi wengi wanaitoa, wanasema Same yenyewe ni joto, ya nini. Basi asubuhi kule Mbaga kwenye ukungu injini inabaki ya baridi na ile bluu haizimi. Kila abiria anayekaa mbele lazima aulize: dereva, hiyo taa vipi, tutafika kweli?

Kaka Elisante akanipa kitabu cha gari, kwa kuwa ni cha Kiingereza, nimsomee. Nilisoma na nikaelewa yote. Bluu, injini ya baridi. Nyekundu, simama mara moja. Lakini nyuma walikuwapo wazee wawili wa kanisa wananisikiliza, nikaona haya kusoma yote, nikasema tu kwamba hiyo taa haina tatizo. Ya nyekundu sikuitaja. Kisha nikachukua tepu nyeusi ya umeme nikaibandika juu yake, ili wasiulize tena. Wazee wakacheka, mmoja akasema, "Msomi ameifunga gari plasta." Nilifurahi, sitakudanganya.

Ijumaa ya wiki juzi tulikuwa tunapanda, tumeshaipita Mwembe, gari ikaanza kukosa nguvu. Nikasikia harufu ya mpira unaoungua, halafu mvuke ukatoka kwenye boneti na injini ikazima yenyewe. Kaka Elisante akaweka jiwe nyuma ya tairi, akafungua boneti. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka, maji yote yalishamwagika njiani. Abiria mmoja akataka kufungua mfuniko wa rejeta, kaka akamdaka mkono, akamwambia asubiri ipoe, ataungua uso. Wote walikuwa kule mbele. Mimi nilibaki kwenye kiti. Nikainua ukingo wa tepu. Ilikuwa nyekundu. Nikaibandua yote, nikaikunja, nikaitia mfukoni mwa sweta. Sikupanga, Mama. Mkono ulienda wenyewe.

Tulivutwa mpaka Same. Fundi akachomoa kijiti cha oili, oili imekuwa kama chai ya maziwa. Akasema gasketi ya silinda hedi imeungua na maji yameingia kwenye oili. Halafu akazungusha funguo, na ile taa ikawaka nyekundu kidogo kama inavyojipima kila gari inapowashwa. Akasema taa nzima kabisa hii, dereva alikuwa anaangalia nini.

"Tulikuwa tumeifunika kwa tepu, bosi," kaka Elisante akamwambia mjomba, aliyekuwa amefika gereji.

Alisema tulikuwa. Hakunitaja.

Mjomba akatazama, hakuna tepu. Akanigeukia mbele ya watu wote.

"Namkunda, hapa kulikuwa na tepu?"

"Sikuona, mjomba."

Kaka Elisante aliniangalia mara moja tu. Mjomba akamwita mwongo, akamwambia asiguse tena gari yake. Tangu siku hiyo anachimba mitaro kwa kibarua, na akikatiza stendi madereva wenzake wanamwita Nyekundu. "Nyekundu, simama!" Yeye anapita na sururu yake begani.

Kinachonitisha ni kwamba sijalia. Nakula, naosha vyombo, napanga nyanya gengeni. Wakimsema nasikia kama wanamsema mtu wa redioni. Ni kama mkono uliolaliwa, unauona ni wako ila huusikii.

Leo baada ya ibada nilimwambia mjomba yote.  Akauliza kwa nini nilidanganya, nikajibu sijui, na kweli sijui. Akavaa viatu, akaenda kwa miguu mpaka kwa kaka Elisante. Amerudi na jibu: kaka atarudi kazini gari ikipona, lakini nimsafishie jina pale pale stendi anapotaniwa, madereva wakiwapo. Mjomba amekubali. Ameniambia, "Nitaanza mimi kumwomba radhi, maana nilimwita mwongo hadharani. Ila sehemu yako siisemi."

Ni kesho saa moja asubuhi. Unanijua, Mama, hata kusoma neno kanisani nilikuwa nakwepa. Tafadhali usimpigie mjomba kuniombea, wala usimwambie baba mpaka nimwandikie mwenyewe.

Msalimie bibi, mwambie magauni aliyonishonea bado yananitosha. Msalimie mdogo wangu anayechunga mbuzi, na mwalimu wetu wa kwaya. Barua anakuja nayo jirani anayeshukia Mwanga, atampa mtu wa kupanda Ugweno.

Maneno ya kesho nimeyaandika kwenye karatasi nyingine. Ni machache: taa niliifunika mimi, tepu niliibandua mimi, kaka Elisante alisema kweli. Nimeyasoma kwa sauti mara nne hapa uani peke yangu. Mara ya nne nilishindwa kumaliza, nikalia.

Mwanao,
Namkunda